Bi Kikombe: Kazini hana mkwe

Ni alfajiri, na mama wa makamo aliyevaa koti jeupe amepiga magoti ndani ya choo cha yadi ya malori. Anafunga bomba la sinki kwa utepe mwekundu. Akimaliza anafunua tangi la choo, anamimina rangi ya buluu na kulifunika tena. Sabuni anaitoa nje. Ndoo anaitoa. Kopo analichungulia kwanza, analinusa, kisha nalo analitoa.

Mlangoni anasubiri dereva aliyejifungia ndani ya jaketi zito, ilhali asubuhi yenyewe haina baridi ya kumtisha mtu.

"Vua," mama anamwambia.

"Mama, nina mafua."

"Mafua hayakai kwapani. Vua."

Jaketi linavuliwa, na kwapani inaonekana chupa ndogo ya plastiki iliyofungwa kwa bendeji. Madereva wenzake waliopanga foleni nyuma wanaangua kicheko, na mwenye chupa naye anacheka, kicheko cha mtu aliyenaswa. Mama hacheki. Anaichukua chupa kwa vidole viwili, anaigusa ubavuni na kutikisa kichwa.

"Hata joto hujaitunza," anasema. "Huu mkojo ni wa nani? Maana huyo naye namtaka."

Dereva huyo hatapanda lori leo, na pengine hatapanda tena katika yadi hii. Kikombe cha kupimia kina kipande ubavuni kinachoonyesha joto, na mkojo wa kubebwa hupoa njiani. Rangi ya buluu ni kwa wale wanaopenda kuchota maji ya choo na kuongezea. Bomba limefungwa kwa sababu hiyo hiyo.

Bi Kikombe, ndivyo madereva wanavyomwita, ana kazi mbili katika kampuni hii ya malori ya masafa marefu. Ya kwanza ni hii ya chooni: kuwapima madereva mkojo na pumzi bila kuwaambia siku, ajue nani amekunywa, nani amevuta bangi na nani anakesha kwa vidonge. Ya pili anaifanya mezani, kwa simu. Dereva mpya akiomba kazi, sheria inataka historia yake ya vilevi ichunguzwe miaka mitatu nyuma, na kila mwajiri aliyewahi kumpa usukani aulizwe. Majibu yasiporudi, dereva hagusi lori.

"Watu wanadhani ugumu uko kwenye mkojo," anasema. "Mkojo ukishakuwa wa mwenyewe, hausemi uongo. Ugumu uko kwenye simu."

Hata mwandishi wa makala haya hakupita hivi hivi. Aliombwa kitambulisho, akaachwa amesimama mlangoni, na simu ikapigwa chumba cha habari kuulizia kama mtu wa sura hiyo anafahamika huko.

"Wamekusifia," Bi Kikombe alisema alipokata simu, kwa sauti ambayo haikuonyesha kuwa hilo ni jambo jema.

Sifa zinamtia wasiwasi kuliko lawama. "Mtu akisifiwa kupita kiasi na bosi aliyemwachia, mimi nauliza, mbona alimwachia? Wengine wanamvika dereva kilemba cha ukoka ili awatoke, akawe mzigo wa mwingine." Ndiyo maana akipiga simu hasikilizi maneno peke yake. "Nikiuliza kama aliwahi kukutwa na kilevi, hapana ya kweli inakuja haraka. Hapana ya uongo inakohoa kwanza."

Anasema kati ya waombaji kumi, wawili au watatu hawaonekani tena wakishaambiwa kwamba simu zitapigwa. Hao hawamsumbui. Wanaomsumbua ni wanaorudi wakitabasamu.

Pua hii aliipata hospitalini. Kabla ya kuja hapa alikuwa mhudumu katika wadi ya majeruhi, kazi yake kupiga deki na kubadilisha mashuka. Usiku wa ajali walikuwa wakiletwa abiria, wapita njia, na mara nyingine dereva mwenyewe. Polisi walikuwa wakija na kuuliza kilichotokea.

"Kila dereva aliyeletwa pale, breki zilikuwa zimekata," anakumbuka. "Miaka yote ile sikumsikia hata mmoja aliyesema alisinzia au alikunywa. Nikawa najiuliza, hizi breki za nchi nzima mbona zinakatika mwisho wa mwezi tu, watu wakishalipwa? Na mimi niko pale na deki yangu, nasikia harufu. Lakini mtu wa deki nani atamuuliza?"

Kampuni ilipotafuta mtu wa kuchukua sampuli, akaenda kwenye mafunzo mafupi, akarudi na cheti. Huu ni mwaka wa kumi na mbili. Mshahara wake unazidi kidogo tu ule wa walinzi wa getini, na kwa huo huo aliwasomesha mabinti wawili peke yake baada ya mumewe kufariki kwa maradhi.

Kazi iliyowasomesha mabinti hao ndiyo iliyokaribia kumkosesha mmoja wao. Mwaka jana binti yake wa mwisho aliacha kuzungumza naye, na chanzo ni simu moja aliyoipiga akiwa kwenye kiti hiki hiki cha ofisini anachokikalia sasa.

Binti huyo ameolewa na dereva wa malori. Bi Kikombe anamwelezea mkwe huyo kama kijana mpole, mcheshi, asiyepita mlangoni kwake na mkono mtupu. Kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi ilipofungwa, mkewe akiwa mjamzito, alikuja kuomba kazi hapa.

"Wewe niambie," Bi Kikombe anauliza, "unampaje mkweo kikombe cha kukojolea? Unaanzia wapi? Mtu ambaye hata viatu vyangu akivikuta mlangoni anavipisha."

Hakukaa na jambo hilo. Alikwenda moja kwa moja kwa bosi wake, akamwambia kwamba mwombaji ni mkwewe na kwamba inafaa achunguzwe na mtu mwingine. Bosi, ambaye siku hizo alikuwa na malori matatu yamelala kwa kukosa madereva, alifurahi.

"Mkweo? Basi huyo ni mtu wa nyumbani. Aanze kesho."

"Bosi, ndiyo maana nataka mtu mwingine."

"Mtu mwingine sina. Kama humwamini mkweo, utamwamini nani?"

Swali hilo, anasema, lilimkera kwa wiki nzima. Mkojo ulichukuliwa na muuguzi wa zahanati iliyo ng'ambo ya barabara, ukaonekana safi. Simu zilibaki kwake.

Mkwe alikuwa ametaja kampuni mbili. Zote zilijibu vizuri, hapana za haraka. Rejista ya taifa ya madereva waliokutwa na vilevi haikuwa na jina lake, lakini rejista hiyo ilikuwa changa wakati huo, na mambo ya kabla yake yamo vichwani mwa waajiri wa zamani. Kati ya kampuni ya kwanza na ya pili palikuwa na pengo la miezi minane. Mkwe alieleza kwamba alikuwa nyumbani akimuuguza mama yake. Mama yake aliugua kweli, na Bi Kikombe mwenyewe alikwenda kumjulia hali.

"Lakini miezi minane? Dereva akikaa nyumbani miezi miwili, wa tatu anaanza kuendesha kiti."

Shaka hiyo aliiweka pembeni kwa ajili ya binti yake. Ikarudi yenyewe Jumapili moja, mezani kwa binti huyo huyo. Walikuwa wakila mchana, na mkwe, aliyechangamka kwa matumaini ya kazi, akawa anawasimulia wageni vituko vya safari.

"Mizani ya darajani ilipofunguliwa," mkwe alisema, "foleni ilifika mpaka kwenye kona ya machimbo. Tulilala pale siku mbili. Mtu akitaka kwenda haja anamwachia jirani funguo."

Watu walicheka. Bi Kikombe alishusha kijiko. Malori ya yadi yake yalikwama katika foleni hiyo hiyo, na yeye ndiye aliyeshinda kwenye simu akipokea matusi ya wateja. Mwezi ule aliukumbuka vizuri. Ulikuwa katikati ya ile miezi minane.

"Dereva anaweza kumficha mwajiri," anasema. "Anaweza kuficha pombe, hata mke wa pili. Lakini foleni hawezi kuificha. Foleni kwao ni sifa, kama mwanajeshi na vita. Ningekuwa sifanyi kazi hii, ningecheka na wenzangu."

Alikula akamaliza, akanyanyuka kusaidia vyombo. Binti yake alimfuata jikoni.

"Mama, usianze."

"Sijasema kitu."

"Umemtazama."

"Kutazama nako siku hizi ni kosa?"

"Nakujua mama. Yule ni mume wangu, si dereva wako."

Kesho yake asubuhi alimwita dereva mkongwe wa yadi, anayejulikana kama Mzee Tela, akamuuliza kama alimwona mkwewe kwenye foleni ya darajani. Mzee Tela hakuhitaji hata kufikiri.

"Alikuwa mbele yangu, gari mbili. Si alibeba vifaranga? Nitamsahau vipi, vililia siku mbili, hatukupata usingizi."

Kampuni zinazosafirisha vifaranga ni chache. Simu ya tatu ilimfikisha kwa karani mmoja wa kike. Bi Kikombe akajitambulisha, akamtaja dereva, akauliza swali lake la siku zote. Upande wa pili mtu akakohoa.

"Nikashika tama," anasema. "Hata kabla hajajibu, nilishashika tama."

Karani alimwambia kwamba dereva huyo aliandikwa kuwa amekataa kipimo. Kwa sheria za kazi hii, dereva anayeondoka kituoni kabla ya kutoa sampuli amekataa, na aliyekataa anahesabiwa sawa na aliyekutwa na kilevi. Hawezi kurudi barabarani mpaka apite kwa mshauri nasaha, apimwe upya, kisha afuatiliwe kwa vipimo vya kushtukiza. Mkwe hakufanya hata kimoja. Aliifuta kampuni ile katika maisha yake na kuendelea na nyingine.

Bi Kikombe alimwita ofisini, si nyumbani. Mlango uliachwa wazi, na muuguzi wa zahanati akaombwa kuja kukaa pembeni awe shahidi. Mkwe aliketi akitazama viatu vyake.

"Baba, miezi ile minane ulikuwa wapi?"

"Kwa mama."

"Na vifaranga vilikuwa vya mama?"

Muuguzi anasimulia kwamba hata yeye alitamani kuondoka. Kisha mkwe akaeleza yote. Alipotoka tu kwenye foleni ya mizani, kampuni ilimwelekeza kwenye kipimo cha kushtukiza. Jua lilikuwa kali na mzigo uko nje. Akaambiwa akae anywe maji mpaka mkojo uje, na mkojo haukuja.

"Nikitoka nje nasikia vinapungua sauti," alimwambia mama mkwe wake. "Nilipoona vinakufa nikaondoka, mama. Nikavifikisha. Kesho yake nilirudi, wakaniambia imeshaandikwa."

"Ulikuwa umekunywa?"

"Hapana."

"Siku mbili mmelala kwenye foleni, na hukunywa?"

"Sikunywa, mama."

Mwandishi alimuuliza Bi Kikombe kama anamwamini. Alipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Siku nyingine naamka namwamini. Vifaranga kweli vinakufa haraka, na kuna wanaume wanaoshindwa kukojoa wakisimamiwa, nawaona hapa kila wiki. Siku nyingine nasema, sababu yenyewe ni nzuri mno. Sababu nzuri mno zinaniwasha. Mpaka leo sijui, na huenda nisijue."

Asilolijua halikumzuia. Siku hiyo hiyo alipeleka taarifa kwa bosi kwamba mkwewe hawezi kupewa lori. Bosi alihamaki.

"Umeninyima dereva, umemnyima binti yako chakula. Umepata faida gani?"

Hasira ziliposhuka, bosi alikubali jambo moja: kijana abaki yadini akiosha malori na kupaka grisi, kwa ujira usiofika nusu ya wa dereva. Aende kwa mshauri nasaha, apimwe, kisha afuatiliwe kwa vipimo sita vya kushtukiza chini ya muuguzi wa zahanati. Akivuka vyote, ndipo litazungumzwa suala la usukani.

Binti hakupiga simu tena. Akipigiwa hapokei. Habari ya kujifungua kwake ililetwa yadini na muuguzi, kana kwamba ni habari ya mtu baki. Bi Kikombe alikwenda hospitalini na furushi la nguo za mtoto, akasimama miguuni pa kitanda. Binti alimtazama, akamwinua mtoto na kumsogeza mbele.

"Haya," alisema. "Mnuse na huyu."

Bi Kikombe anavua miwani anapofika hapo. "Niliinama nikambusu. Na kweli nilimnusa, maana mtoto mchanga huwezi kumbusu bila kumnusa. Nikaona aibu, natamani ardhi inimeze. Nikarudi na basi bila hata kukumbuka nauli nilimpa nani."

Miezi ikapita. Kila asubuhi mkwe alimwamkia kwa mbali, brashi mkononi, na yeye akaitikia kwa mbali. Kipimo cha kwanza kikaonekana safi, na cha pili, na cha tatu. Hakuna kilichomtuliza. Anakiri kwamba alimwendea muuguzi akamuuliza kama alitazama joto la kikombe na kama alimvua mkwe jaketi.

"Nikamjibu hana jaketi," anasema muuguzi, binti mchangamfu ambaye madereva wanampenda. "Akaniuliza mimi nimejuaje."

Halafu, jioni moja, simu ya binti ikaingia. Bi Kikombe alidhani mtoto anaumwa.

"Mtoto mzima," binti alisema. "Ni baba yake. Amechelewa, anasema alikuwa anamalizia kuosha tela. Macho mekundu, mama. Njoo umnuse."

Akaenda. Mkwe alikuwa amesimama sebuleni na nguo za kazi, na alipomwona mama mkwe wake anaingia, alielewa amefuata nini. Hakulalamika. Alivua kofia, akamsogelea na kuhema mbele yake bila kuombwa, kama wanavyohema madereva kwenye kipimapombe.

"Mkwe wangu," anasema Bi Kikombe. "Alinihemea usoni, mtu asiyethubutu kunipa mkono. Nilisikia dizeli, sabuni ya kuoshea magari na jasho. Hakuna kingine. Wekundu wa macho ulikuwa wa povu la sabuni."

Alimgeukia binti yake akamwambia hakuna kitu.

"Una uhakika?"

"Hakuna kitu, mwanangu."

"Mama, una uhakika?"

Ndipo alipomtazama binti yake sawasawa. Alikuwa amekonda. Macho yake hayakutulia mahali pamoja, yalitoka kwa mume yakaja kwa mama, yakarudi kwa mume. Baadaye alimwambia kwamba tangu alipotoka hospitalini amekuwa akipekua mifuko ya mumewe kila jioni, ananusa mashati na kumuuliza swali moja mara mbili ili aone kama majibu yatafanana. Hakufundishwa na mtu. Alikulia nyumba ambayo kila anayeingia alinuswa.

"Nilimwambia yuko safi mara tatu," anasema. "Nikaaga. Niko mlangoni navaa viatu, nikamsikia huko ndani anasema, hebu lete hilo shati. Mimi nalipwa kwa kushuku. Jioni navua koti nalitundika pale, naenda zangu. Yeye halipwi, na koti lenyewe hana pa kulitundika."

Anaulizwa kama kweli huwa analiacha koti hapa. Kwa mara ya kwanza tangu mazungumzo yaanze, anacheka.

"Hapo nimekudanganya. Naondoka nalo."

Mkwe amebakiza vipimo viwili. Akivuka, ataomba usukani katika yadi hii, na Bi Kikombe amekwishamwambia bosi kuwa safari hii hatapiga simu hata moja. Anamwandaa muuguzi ashike nafasi hiyo, ingawa analalamika kwamba muuguzi huyo anacheka mno na madereva. Yeye mwenyewe ameomba likizo ya mwezi mzima, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na binti yake amekubali aende akakae naye.

"Nitamsaidia mtoto," anasema. "Na nataka nimwachishe hii tabia. Jioni mume akiingia, ampokee kofia, amuulize habari za kazi, basi. Asimsogelee kwa pua."

"Utamwachishaje?" mwandishi anamuuliza.

Nje ya dirisha mkwe anaosha tela, maji yanachuruzika mpaka mlangoni. Bi Kikombe anamwangalia anavyoinama kuchukua ndoo na anavyonyooka, kama mguu unayumba au hauyumbi. Anajishtukia. Anageuza kiti chake, anaupa mgongo ule upande wa dirisha.

"Mimi mwenyewe sijui inaachwaje," anasema. "Tutaanza wote wawili."